Kauntabuku ya Mizigo Iliyokwama: Namna ya Kuisoma Biashara ya Dunia Ukiwa Kigoma

Kila mwaka, kuanzia Julai hadi Septemba, ofisini kwangu huletwa mwanafunzi wa fildi, mara nyingine wawili. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja juu kidogo ya bandari ya Kigoma, meza mbili na feni inayozunguka ikijisikia. Mimi ni wakala wa forodha: mtu ana mzigo wa kuvuka Ziwa Tanganyika au mpaka, mimi naukimbizia karatasi. Wanafunzi hao huja na swali lililochapwa vizuri, "Chambua mazingira ya kimataifa ya biashara," pamoja na visanduku sita walivyofundishwa darasani: siasa, uchumi, jamii, teknolojia, sheria na mazingira asilia. Kwenye siasa wanaandika "kuna utulivu." Kwenye uchumi wanaandika "mfumuko wa bei." Halafu wananiletea nisaini.

Sisaini. Nampa kijana kauntabuku ya kwaya tatu, namwambia apige mistari apate safu tano: mzigo gani, umekwama wapi, siku ngapi, wamekwambia sababu gani, na nani mwenye uwezo wa kuuachia. Visanduku vyake sita tutavirudia akishajaza kurasa 10. Mwaka jana mmoja alinung'unika kwamba hiyo ni kazi ya karani. Nikamwambia ndiyo, kaa uandike.

Daftari la kwanza nililianza kwa hasira. Mwaka 2011 nilikuwa na magunia ya chumvi ya Uvinza yaliyolala Kibirizi, mwalo wa boti za mbao hapa Kigoma, siku 9 yakisubiri kwenda Uvira, upande wa Kongo (DRC). Nahodha aliniambia ni upepo. Mwenye boti akasema dizeli imepanda. Mteja, kwa simu, akasema hajapata dola. Nilidhani wananizungusha, kumbe wote watatu walikuwa wakweli, kila mmoja akisema kile anachokiona kutoka pale aliposimama. Upepo ulitulia siku ya 3. Dizeli tukachangiana siku ya 5. Siku 4 zilizobaki zilikuwa za dola, na dola ile haikuwa mikononi mwa mtu yeyote Kigoma. Ndipo nikaongeza safu ya tano.

Basi nawe anza hivi.

Chagua bidhaa moja. Usiniambie "mazao ya kilimo", niambie mawese, au dagaa, au saruji. Kisha itafutie namba yake ya forodha. Kila bidhaa duniani ina namba katika mfumo unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, lenye makao Brussels, na mfumo huo unatumika tangu 1988. Tarakimu 6 za mwanzo ni zile zile karibu kila nchi: mawese ghafi ni 1511.10, chumvi 2501, saruji 2523, kahawa 0901, samaki wakavu 0305. Ukishakuwa na namba unaweza kufungua kitabu cha ushuru cha nchi yoyote ukajua bidhaa yako inapokewaje, hata kama lugha ya kitabu hicho huijui. Wanafunzi wengi wanamaliza fildi bila kujua hili, na ni kazi ya nusu saa.

Kwa namba hiyo hiyo unaweza kuingia Trade Map, tovuti ya takwimu za biashara, uone nani anamuuzia nani. Lakini shika adabu na takwimu. Ukiona jedwali linasema Tanzania haikuuza chochote cha maana ng'ambo ya ziwa mwezi fulani, amka alfajiri uende Kibirizi ukahesabu magunia yanayopakiwa kwenye boti za mbao. Jedwali linajua kilichopita kwenye karatasi tu.

Nitachukua mawese, maana ndiyo yanayofundisha kuliko yote hapa kwetu.

Ukikaa Kigoma wiki moja utasikia kwamba Wamalaysia walikuja kuchukua mbegu za michikichi hapa, wakaenda kuwa matajiri, sisi tukabaki tunachemsha kwenye mapipa. Hadithi hii nimeisikia sokoni, msibani na hata majukwaani. Ni tamu kwa sababu inatupa wa kumlaumu. Ila mchikichi asili yake ni Afrika Magharibi. Miche 4 ilipandwa Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848, na shamba la kwanza la biashara Malaya lilianzishwa Selangor mwaka 1917. Hakuna aliyetuibia. Walichofanya wenzetu ni kukaa na mti huo zaidi ya miaka 100 wakiuchunguza, wakatumia tenera, mbegu inayopatikana kwa kuchanganya aina mbili za mchikichi, dura na pisifera, yenye ganda jembamba na nyama nyingi. Michikichi ya wazee wetu mingi ni dura, ganda nene, mafuta kidogo. Siku hizi kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga, hapa hapa mkoani, kinazalisha tenera na miche inagawiwa. Mwanafunzi anayeandika "teknolojia" kwenye kisanduku chake bila kupasua chikichi mbili, ya dura na ya tenera, akazilinganisha kiganjani, bado hajaandika kitu.

Sasa tazama mwaka 2022. Februari Urusi inaivamia Ukraine, nchi iliyokuwa inaongoza duniani kwa kuuza nje mafuta ya alizeti. Wanunuzi wanakimbilia mawese. Indonesia, mzalishaji mkubwa kuliko wote, inaona mafuta yanawapandia bei wananchi wake, na tarehe 28 Aprili inazuia kuuza mawese nje. Zuio linaondolewa tarehe 23 Mei. Wiki tatu na ushee. Mama mmoja wa Mwandiga, hapa jirani, anayekamua kwa mkono, aliona wanunuzi wanamfikia kabla hajamaliza hata kuchuja. Mawese yake hayajawahi kwenda Jakarta, mji mkuu wa Indonesia, na Jakarta haijawahi kuyasikia. Lakini Tanzania haizalishi mafuta ya kula ya kututosha, sehemu kubwa tunaagiza kutoka huko huko Mashariki ya Mbali, kwa hiyo ya nje yakiadimika, ya Mwandiga yanatafutwa. Kijana wa fildi wa mwaka ule aliandika kwenye safu ya tano: Rais wa Indonesia. Ukurasa ule niliusaini.

Hatua inayofuata, chora njia ya bidhaa yako, kwa mkono, kwenye karatasi ya manila kama huna kompyuta. Kila mahali ambapo mtu, kifaa au sheria inaweza kuisimamisha, tia alama. Njia ya kontena la mteja wangu wa Kalemie, bandari ya Kongo ng'ambo ya ziwa, inaanzia bandari ya Dar es Salaam, inapanda reli ya kati mpaka hapa, zaidi ya kilomita 1,200, inashushwa gatini, inapakiwa melini, inavuka. Kabla haijavuka kuna hati za kwetu, na kuna hati za Kongo zinazotakiwa mapema, kwa mfano ile fomu ya kielektroniki wanayoiita FERI. Ng'ambo kuna forodha yao, DGDA, na kuna OCC wanaokagua ubora. Mtu wa Dar akitaja Kigoma anasema mwisho wa reli. Mtu wa Kalemie akitaja Kigoma anasema mlango wa bahari. Ukiweza kuichora njia ukiwa umesimama upande wake badala ya upande wako, utaona alama nyingine ambazo hukuziona.

Niliwahi kukwamisha mzigo mwenyewe, tena kwa Kiswahili. Mteja wa Kalemie aliniambia kwa simu siku ya Ijumaa, "Dada, nitumie namba za hati saa kumi." Nikasema sawa. Saa kumi jioni nikatuma. Akanipigia akilia. Yeye alihesabu Kifaransa, saa kumi yake ni saa nne ya asubuhi yetu, na saa ya kwao iko nyuma yetu kwa saa 1. Maana yake alizihitaji saa tano asubuhi kwa saa ya Kigoma. Nilichelewa saa 5, ofisi aliyokuwa akiisubiri ikafunga, meli ikaondoka bila mzigo, ukalala siku 4. Safu ya tano niliandika jina langu. Tangu hapo na watu wa ng'ambo nazungumza kwa tarakimu, 11:00 saa za Tanzania, na narudia mara mbili. Kwenye vitabu wanaita tofauti za kitamaduni, na wanafunzi huandika kuhusu Wajapani kuinamiana. Sisi tuna za kwetu ndani ya lugha moja.

Sheria na jumuiya zipitie haraka, maana ni mambo ya kukariri kidogo tu. Tanzania iko Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ilijitoa COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000. Burundi iliingia Jumuiya 2007 na iko COMESA. Kongo iko SADC na COMESA, na iliingia Jumuiya mwaka 2022. Zambia, ambako ziwa letu linaishia Mpulungu, iko SADC na COMESA. Juu ya yote kuna eneo huru la biashara la Afrika, lililoanza kufanya kazi tarehe 1 Januari 2021. Kwa hiyo mzigo mmoja unaweza kuwa na milango mitatu ya kuingilia nchi moja, na kazi ya wakala ni kujua mlango upi una ushuru mdogo na cheti kipi cha uasili, kinachoonyesha bidhaa imetoka nchi gani, kinaufungua. Kwa mzigo mdogo ndani ya Jumuiya, wenye thamani isiyozidi dola 2,000, kuna cheti rahisi ambacho mama wa Manyovu, mpakani na Burundi, anaweza kukipata pale pale. Wengi hawakijui, wanapita porini.

Ila nitakuonya kitu kimoja. Kongo ilipotia saini mkataba wa Jumuiya Aprili 2022 nilipigiwa simu na wateja 3 wakiuliza kama ushuru umefutwa kesho yake. Kutia saini ni jambo moja, kubadilisha kitabu cha ushuru pale kaunta ni jambo lingine. Ukiandika kwenye kazi yako kwamba nchi fulani "ni mwanachama hivyo bidhaa huingia bure," nitakuuliza ulimwona nani akipita bure, lini, na karatasi gani mkononi. Na kila Juni keti usikilize hotuba ya bajeti mpaka mwisho. Viwango vya forodha ya Jumuiya hubadilika kuanzia tarehe 1 Julai, na nchi moja moja huomba kutofuata kiwango cha pamoja kwa bidhaa fulani. Ilitokea mzigo ukaondoka Dar Juni na kukutana na ushuru wa Julai.

Fedha, hapo kaa sana.

Burundi kuna bei ya faranga ya benki na bei ya faranga ya mtaani, na miaka kadhaa sasa hizo mbili hazilali chumba kimoja. Mei 2023 benki kuu yao iliishusha thamani faranga kwa kishindo, pengo likapungua, kisha likafunguka tena. Mfanyabiashara wa Bujumbura anayenunua dagaa wetu anahesabu faida yake kwa bei ya mtaani. Mwanafunzi anayechukua bei ya benki akaweka kwenye jedwali atapata faida ambayo haipo. Kongo nako dola inatumika dukani kama pesa ya nyumbani, lakini noti ikiwa na mchaniko wa ukucha wanakurudishia. Nimeona mzigo mzima umesimama kwa sababu ya noti 2 zilizochanika pembeni. Kwetu sasa ni kinyume: kanuni zilizoanza Machi 2025 zinakataza kulipana kwa fedha za kigeni kwa biashara ya ndani. Mteja wa Kongo akija Kigoma na dola zake anapita kwanza benki au kwa mbadilisha fedha mwenye leseni, ndipo anunue. Hilo nalo ni kituo, lichore kwenye manila yako.

Kila Jumatatu asubuhi andika namba nne: dola kwa shilingi kutoka tovuti ya Benki Kuu, faranga ya Burundi ya benki, faranga ya Burundi ya mtaani, na bei ya dizeli Kigoma. Ya mwisho haibadiliki kila wiki, EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, lakini iandike tu. Baada ya miezi 2 utaanza kuona mambo ambayo hakuna mhadhara utakaokuonyesha, mfano boti za Uvira zinavyopungua kabla bei ya dagaa haijashuka.

Ziwa pia ni mwenye mamlaka. Wanafunzi wanaliandika kama mandhari. Maji ya Tanganyika yana mto mmoja tu wa kutokea, Lukuga, pale Kalemie, na miaka ya karibuni yamepanda hadi yakala vibanda Kibirizi na kuingia bandarini Bujumbura mwaka 2024. Gati likizama, mkataba wako mzuri wa jumuiya unauning'iniza wapi? Mwaka huo huo, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, uvuvi ulisimamishwa ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa. Nilikuwa na mteja aliyekwishapokea malipo ya awali ya dagaa wa Juni. Safu ya tano ilikuwa na nchi nne.

Vita vya mashariki mwa Kongo sitavieleza sana, watu wangu wako ndani yake. Goma ilitekwa Januari 2025 na Bukavu Februari, benki za huko zikafunga, na mteja aliyekuwa analipa kupitia Bukavu akawa na bidhaa dukani na hana njia ya kunitumia hela. Mzigo wake haukukwama. Kilichokwama ni malipo. Kwa hiyo kauntabuku yako iwe na nafasi ya kukwama kwa pesa pia, si magunia peke yake.

Mambo ya mbali yafuatilie kwa kuuliza yanafikaje hapa. Tangu Novemba 2023 meli zilipoanza kushambuliwa Bahari ya Shamu, kampuni kubwa za meli zikaanza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, badala ya kupita mfereji wa Suez. Kijana mmoja aliniambia, "Mama, hilo halituhusu, mabati yetu yanatoka China, hayapiti Suez." Jiografia yake ilikuwa sawa. Lakini meli inayozunguka Afrika nzima inakaa baharini siku nyingi zaidi, hivyo inafanya safari chache kwa mwaka, meli zilizobaki zinagombaniwa, na nauli ya kontena inapanda hata kwenye njia ambayo haina shida. Tulikaa kwenye benchi la nje tukachora kwa kijiti mchangani mpaka akaelewa. Au chukua reli ya Lobito, Angola, inayoingia Kongo kwenye shaba na kusukumwa na fedha za Marekani na Ulaya. Ni upande wa pili wa bara. Lakini shehena ya Katanga, huko huko kwenye shaba, ikizoea kwenda Atlantiki, njia za mashariki, yetu ikiwemo, zinabaki kugombania kilichosalia. Na upande wetu reli ya kisasa inakuja Kigoma, na tawi la kutoka Uvinza kwenda Musongati, Burundi, ambako kuna nikeli. Nani anajenga, nani anakopesha, nani ananunua nikeli: maswali hayo matatu yanatosha kukupa sura nzima ya tasnifu.

Kuhusu kuwauliza watu. Ukienda Kibirizi usivae shati jeupe ukabeba faili, watadhani ni mtu wa mapato, na siku hiyo hakuna atakayekuwa na mzigo. Salimia wakubwa shikamoo, kaa, nunua kahawa, saidia kuhesabu. Usianze na "faida yako ni kiasi gani." Anza na "mzigo unaondoka lini?" Mtu ambaye mzigo wake umechelewa ana hamu ya kusema, utashindwa wewe kuandika. Nahodha na mbeba mizigo waulize kwa uzito ule ule unaomuuliza nao meneja. Nahodha ndiye aliyenifundisha kwamba bei ya dizeli ya Kigoma inaamua kama boti itarudi na shehena au itasubiri ijae.

Ukimaliza kurasa 10, rudi sasa kwenye visanduku vyako sita. Usivijaze kwa maneno, vijaze kwa namba za mistari ya daftari. Mstari wa 14 ni sheria, wa 15 ni fedha, wa 16 ni sheria na fedha na ziwa kwa pamoja, na hapo ndipo utakapogundua visanduku vinavuja. Kisha andika bashiri moja, yenye tarehe: "Bei ya mawese Mwanga, hapa Kigoma, itapanda kabla ya Machi kwa sababu fulani." Nami nitaihifadhi. Wanafunzi 2 kati ya niliopata kuwa nao walinipigia baada ya kuhitimu kuuliza kama walipatia. Mmoja alikosea vibaya, lakini alijua alikosea kwenye safu ipi.

Mstari wa jana, kwa mfano: saruji, mifuko 400, imekwama Kibirizi, siku ya 2, wamesema nahodha anasubiri simu ya Uvira. Safu ya tano iko wazi. Kijana wa mwaka huu ameshapanda bodaboda kwenda kuuliza simu hiyo inatoka kwa nani.